Noti ya Shilingi Kumi ya Mwaka 1966

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA: HISTORIA

Mwalimu wa darasa ameandika ubaoni maneno matatu: SARAFU, AKIBA, THAMANI. Yasomeni polepole, kwa sauti. Mtayasikia mara nyingi leo.

Somo la leo ni juu ya karatasi. Si karatasi ya daftari, bali ni noti ya shilingi kumi iliyotolewa Tanzania tarehe 14 Juni, 1966. Rangi yake ilikuwa kijani. Upande wa mbele palikuwa na picha ya Rais Julius Nyerere. Upande wa nyuma palikuwa na picha ya mkonge ulioanikwa ukauke. Siku hiyo hiyo zilitolewa pia noti za shilingi tano, shilingi ishirini na shilingi mia moja.

Mtu aweza kuuliza: Noti ni ya kununulia unga na sukari, ina historia gani? Ina historia kubwa. Kabla ya siku ile, mtu wa Dar es Salaam aliweza kusafiri mpaka Nairobi, akaendelea mpaka Kampala, akanunua chakula njia nzima kwa fedha ile ile iliyokuwa mfukoni mwake. Nchi zote zilikuwa na shilingi moja. Kwa nini basi kila nchi ikachapisha yake? Ilipata nini, na ilipoteza nini? Hayo ndiyo tutakayojifunza.

FEDHA ZILIZOTANGULIA

Kwanza tazameni maneno tunayotumia sokoni kila siku. Neno "pesa" limetoka kwa Wahindi. Neno "rupia" vile vile. Neno "hela" limetoka kwa Wajerumani. Neno "shilingi" limetoka kwa Waingereza. Kila mgeni aliyekuja kufanya biashara au kutawala alituachia jina la fedha yake.

Zamani, katika pwani yetu, wafanya biashara walitumia reale za fedha, kisha wakatumia sana rupia ya Bara Hindi. Wajerumani walipotawala Tanganyika walitumia rupia pia. Tangu mwaka 1904 rupia yao moja iligawanywa katika hela 100.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza walitawala Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Rupia ikawaletea taabu. Kabla ya vita rupia moja ilikuwa sawa na shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza. Baada ya vita thamani yake ilipanda sana, na mwaka 1920 Serikali ikaikaza kwenye shilingi 2. Fikirini mtu aliyekuwa na deni la rupia 100. Rupia zilikuwa mia vile vile, lakini kwa fedha ya Kiingereza deni lilikuwa limeongezeka kwa nusu. Kwa hiyo Waingereza waliamua kuiacha rupia. Mwaka 1920 walileta fedha iliyoitwa florini, nayo haikukaa. Baada yake, mwaka 1921, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Unguja waliendelea na rupia yao mpaka mwaka 1936, ndipo nao wakaingia katika shilingi.

BODI YA LONDON

Shilingi hiyo ilitolewa na chombo kilichoitwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi ilianzishwa mwaka 1919, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa London. Ilihamia Nairobi mwaka 1960 tu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Bodi ile haikuwa benki kuu. Kazi yake ilikuwa kubadilisha tu. Mtu, yaani hasa benki za biashara, akileta pauni moja London, Bodi ilimpa shilingi 20 huku Afrika Mashariki. Akirudisha shilingi 20 huku, alipewa pauni moja kule. Pauni zile ziliwekwa London kama akiba. Sehemu kubwa ya akiba hiyo ilikopeshwa serikali, ya Uingereza na ya makoloni yake, kwa kununua hati zao.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Bukoba ameuza kahawa yake. Kahawa imesafirishwa, imeuzwa ng'ambo kwa pauni. Mkulima amepewa noti za shilingi, na noti hizo zinazunguka: dukani, sokoni, kwenye mahari, kwenye kodi. Lakini nyuma ya kila noti kuna pauni iliyolala London. Kwa hiyo ili watu wa hapa wapate shilingi za kutumia, ilibidi kwanza wauze mali ng'ambo, kisha thamani ya mali hiyo ikae Uingereza. Mkulima wa Bukoba alikuwa akiwakopesha watu wa London, na hakuna aliyemwambia.

Tusiseme upande mmoja tu. Mpango huu ulikuwa na faida yake. Shilingi ilikuwa imara. Serikali haikuweza kuchapisha noti ovyo kulipia matumizi yake. Mwenye duka aliyetaka kuagiza nguo kutoka Manchester hakukosa pauni. Bei hazikupaa kwa sababu ya noti kuzidi.

Lakini hasara nayo ilikuwepo. Fedha za nchi hazikuweza kuongezwa wakati nchi ilipotaka kujenga. Benki kubwa za biashara zilikuwa za kigeni, nazo zilikuwa na makao makuu London. Wakati wa msimu wa pamba na kahawa zilileta fedha huku kununulia mazao. Msimu ukiisha, zilirudisha fedha iliyobaki London, maana huko ndiko zilikopata faida ya upesi. Mwafrika aliyetaka mkopo wa kulima au kufungua duka alikuwa na njia nyembamba sana. Mwaka 1955 Bodi iliruhusiwa kutoa sehemu ndogo ya noti kwa dhamana ya hati za serikali za hapa, lakini mpango wenyewe ulibaki ule ule.

UHURU NA MIPANGO MITATU

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya na Unguja mwaka 1963. Mwezi wa Juni, 1963, Nyerere, Obote na Kenyatta walitangaza kwamba nchi zao tatu zitaungana kuwa shirikisho moja kabla mwaka haujaisha. Lau jambo hilo lingefanikiwa, huenda tungekuwa na benki kuu moja na shilingi moja. Mwaka huo huo mtaalamu wa Kijerumani, Erwin Blumenthal, aliishauri Serikali ya Tanganyika iwepo benki kuu ya pamoja juu, na chini yake kila nchi iwe na benki yake.

Lakini mwaka ulikwisha bila shirikisho. Tanganyika na Zanzibar ndizo zilizoungana, mwezi wa Aprili, 1964.

Kila nchi sasa ilikuwa na mpango wake wa maendeleo. Tanganyika ilianza mpango wake wa kwanza wa miaka mitano mwaka 1964. Viwanda vilihitajika, shule zilihitajika, barabara zilihitajika. Fedha zitoke wapi?

Hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Viwanda vingi vya Afrika Mashariki vilikuwa Kenya. Watanzania na Waganda walinunua sabuni, sigara na nguo kutoka Kenya kuliko Kenya ilivyonunua kwao. Mwaka 1964 viongozi walikutana Kampala wakapatana kugawana viwanda, lakini mapatano hayo hayakutimizwa yote. Tanzania ikasema: tukiendelea na sarafu moja bila serikali moja, fedha zetu zitazidi kukimbilia penye viwanda tayari.

Na swali jingine lilikuwa gumu zaidi. Benki kuu inaweza kuikopesha serikali. Je, benki moja ikiwa na serikali tatu, ni nani atakayekopeshwa, na kiasi gani? Watu watatu wakiwa na mfuko mmoja, lazima wawe na baba mmoja wa kuamua. Huyo hakuwepo. Mwezi wa Juni, 1965, mawaziri wa fedha wa nchi hizo tatu walitangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake na sarafu yake.

SIKU YA NOTI MPYA

Bunge lilipitisha sheria ya Benki Kuu ya Tanzania mwezi wa Desemba, 1965. Benki ikafungua milango tarehe 14 Juni, 1966. Gavana wake wa kwanza alikuwa Edwin Mtei, aliyekuwa ofisa mkuu katika Hazina. Uganda ikafuata mwezi wa Agosti, na Kenya mwezi wa Septemba.

Pamoja na noti zilikuja sarafu za madini. Senti tano ilikuwa na samaki, senti ishirini ilikuwa na mbuni, senti hamsini ilikuwa na sungura, na shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Wazee waliozoea senti za zamani, zile zenye tundu katikati, ambazo mtu aliweza kuzitunga katika uzi, waliziona hizi kuwa ngeni. Lakini hakuna aliyepoteza kitu. Shilingi moja ya zamani ilibadilishwa kwa shilingi moja mpya, na pauni moja iliendelea kuwa shilingi 20.

Basi ni nini kilichobadilika? Hiki: sasa akiba ya nchi ilikuwa mikononi mwa benki ya nchi yenyewe. Benki Kuu iliweza kuikopesha Serikali kwa kiasi kilichowekwa na sheria. Iliweza kuziamuru benki za biashara. Iliweza kuongeza noti wakati wa mavuno na kuzipunguza baadaye, bila kungoja London. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Februari, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Serikali ilitaifisha benki zote za biashara, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara.

MKONGE NYUMA YA NOTI

Sasa tuigeuze noti yetu ya shilingi kumi, tutazame ule mkonge.

Mkonge si mmea wa asili ya hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake mwaka 1893, na michache tu, 62, ilifika hai. Kutoka miche hiyo yalienea mashamba ya Tanga, Korogwe, Morogoro na kwingineko. Watu walitoka mbali, hata nchi jirani, kuja kukata mkonge. Katika miaka ya 1960 mwanzoni Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, nayo iliuza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Hapakuwa na zao lililoleta fedha nyingi za kigeni kuliko hilo. Watu waliuita dhahabu ya kijani. Kwa hiyo ilikuwa haki mkonge kuwekwa juu ya noti.

Lakini wakati noti ile inachapishwa, bei ya mkonge ilikuwa imekwisha kuanza kuanguka. Wakulima wa Ulaya na Marekani walikuwa wakifunga majani ya ng'ombe wao kwa kamba za mkonge. Sasa viwanda vyao vilianza kutengeneza kamba kutokana na mafuta ya petroli, yaani kamba za plastiki. Tangu mwaka 1964 bei ilishuka mwaka hata mwaka. Mashamba yalianza kupunguza wafanyakazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha hata tani 40,000 kwa mwaka.

Fikirini jambo hili, ndugu wanafunzi. Tanzania iliweza kuamua picha ya kuweka juu ya noti yake. Iliweza kuamua noti ngapi zichapishwe. Lakini haikuweza kuamua bei ya mkonge. Na thamani ya noti ilitegemea sana mkonge, kahawa na pamba, maana hivyo ndivyo vilivyoleta akiba.

PAUNI YAANGUKA

Jaribio la kwanza halikuchelewa. Tarehe 18 Novemba, 1967, Serikali ya Uingereza ilipunguza thamani ya pauni yake. Wakati wa Bodi, shilingi yetu ingeanguka pamoja na pauni siku hiyo hiyo, bila sisi kuulizwa. Safari hii Tanzania, Kenya na Uganda zilikataa kufuata. Shilingi ilibaki pale pale, shilingi 7 na senti 14 kwa dola moja ya Marekani. Pauni, iliyokuwa shilingi 20, ikawa shilingi 17 na senti 14.

Tufanye hesabu. Chukueni penseli. Mtu anauza mzigo wa mazao London kwa pauni 100. Kabla ya siku ile angepata shilingi 2,000. Baada ya siku ile anapata shilingi 1,714. Amepoteza shilingi 286. Lakini mtu anayenunua trekta kutoka Uingereza kwa pauni 100 naye atalipa shilingi 286 pungufu. Basi uamuzi ule ulimfaa mmoja na kumwumiza mwingine. Na akiba iliyokuwa katika pauni ilipungua thamani kwa hesabu ya shilingi. Kuwa na sarafu yako ni kuwa na uamuzi, na kila uamuzi una anayelipa gharama yake.

YALIYOFUATA

Mwanzoni shilingi tatu zilikuwa sawa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni, 1967, ukataka fedha zibadilishane bila taabu. Lakini tangu mwaka 1970 nchi zilianza kuwekeana vizuizi vya fedha. Msafiri alianza kuulizwa mpakani ana kiasi gani. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Katibu Mkuu wake wakati huo alikuwa Edwin Mtei, yule yule aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Ukame ulipiga. Vita dhidi ya Idi Amin, mwaka 1978 na 1979, vilikula fedha nyingi. Mashirika ya umma ya mazao yalipata hasara, na hasara ililipwa kwa mikopo ya benki. Noti zikaongezeka, bidhaa zikapungua. Wengi wenu mnaikumbuka miaka ile, au mmesimuliwa na wazazi: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, duka lenye rafu tupu. Fedha ipo mkononi, cha kununua hakuna. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba noti si mali yenyewe. Noti ni ahadi ya mali.

Mwaka 1979 Mtei alikuwa Waziri wa Fedha. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka Tanzania, pamoja na masharti mengine, ipunguze thamani ya shilingi ndipo ipewe mkopo. Mtei aliona ni lazima kukubaliana. Rais Nyerere alikataa, kwa kuona kwamba mzigo utawaangukia maskini na kwamba nchi huru haiwezi kupangiwa. Mtei akajiuzulu. Watu wawili waliokuwa pamoja tangu noti ya kwanza, uso wa mmoja ukiwa juu yake na mwingine akiwa Gavana wake, waliachana kwa ajili ya thamani ya noti hiyo. Wote wawili waliitakia nchi mema. Mwaka 1986, baada ya Nyerere kuacha urais, Serikali ilikubaliana na Shirika hilo. Mwanzo wa mwaka ule dola moja ilikuwa karibu shilingi 17. Mwisho wa mwaka ilizidi shilingi 50. Leo ni zaidi ya shilingi 2,000.

Nayo noti ya shilingi kumi? Iligeuka kuwa sarafu, na kisha sarafu hiyo ikawa haina cha kununua.

TUJIFUNZE NINI?

Wako wanaosema: Tungebaki na Bodi, shilingi yetu ingekuwa imara mpaka leo. Wajibuni hivi: Shilingi ile ilikuwa imara kwa sababu akiba yetu ilikuwa kwa watu wengine, na watu hao ndio walioamua. Wako pia wanaosema: Nchi yenye noti zake haiwezi kuwa maskini, maana itachapisha tu. Hao nao wajibuni kwa habari ya foleni za sabuni. Azimio la Arusha lenyewe lilionya kwamba fedha ni tunda la maendeleo, si mzizi wake.

Na shilingi moja ya Afrika Mashariki? Haja hiyo haijafa. Jumuiya ilianzishwa upya kwa mkataba wa mwaka 1999. Mwezi wa Novemba, 2013, viongozi walitia sahihi mapatano ya kuwa na sarafu moja, nao walikusudia iwe tayari mwaka 2024. Mwaka huo ulipita bila sarafu hiyo. Swali lililowashinda mawaziri mwaka 1965 linangoja jibu lile lile: mfuko ukiwa mmoja, nani ataamua?

Basi ndugu, mkipokea noti, someni kila neno lililo juu yake. Someni jina la benki, someni namba, tazameni picha. Mtu asiyejua kusoma hujua noti kwa rangi tu, na mjanja humdanganya. Ninyi mmevuka hapo. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Bodi ya Sarafu ilikuwa tofauti na benki kuu kwa mambo gani?
2. Kwa nini mpango wa sarafu moja ulivunjika mwaka 1965?
3. Mzigo wa mazao umeuzwa kwa pauni 50. Mkulima angepata shilingi ngapi kabla ya Novemba, 1967? Baada yake angepata ngapi?
4. Waulizeni wazee wa kijijini: sarafu yenye tundu ilinunua nini? Andikeni jibu lao katika daftari, mje nalo darasani.

MANENO YA SOMO

Sarafu: fedha inayotumika katika nchi, pia kipande cha fedha cha madini.
Akiba: mali iliyowekwa kwa ajili ya baadaye, hapa, fedha za kigeni na dhahabu za nchi.
Thamani: kiasi cha vitu ambavyo fedha yaweza kununua.
Kutaifisha: kufanya mali ya watu binafsi kuwa mali ya taifa.